Wageni Wasiovaa Sare

Mama Mkubwa tulimzika Jumamosi iliyopita, huko Uru, kwenye kihamba chake mwenyewe, shamba linaloizunguka nyumba yake, kati ya migomba na mibuni. Watu walipokwisha kula na kuanza kubishana nani apande gari la nani kurudi mjini, nilijitenga nikaingia jikoni kwake, nikavuta kigoda, nikakaa. Mtungi wa gesi aliotumiwa na wajukuu ulikuwa pale pale, umefunikwa kitambaa cha kufuma, haujaguswa. Kuni zake zilikuwa zimepangwa ukutani, kavu, za kutosha masika yote. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha Sanya Juu tangu nikiwa na meno yote, nimezika wengi na kusimamia misiba ya wengine, na huwa najisifu kwamba silii ovyo. Siku hiyo nililia mbele ya kuni. Kisha Deo, mwanawe, akapita mlangoni, mzee wa mvi sasa, akanitazama, akatazama lile jiko, akageuka akaenda zake bila kuingia. Nilijua kwa nini hakuingia, kwa sababu mwaka ule nilikuwepo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, aliomba nipelekwe kwake nikamsaidie ng'ombe na kahawa. Chumba nilichopewa kilipakana na sebule, na ukuta wa mbao uliotutenganisha haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia nikiwa kitandani, hata chafya. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe ambaye mimi nilimwita Baba Mkubwa, na Deo, kitinda mimba wao, aliyekuwa akibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Deo alishuka kila safari na pua iliyobabuka na hadithi mpya. Alituigiza Wazungu wanaolia njiani wakitaka mama zao, kisha wakifika kileleni wanamkumbatia mpagazi wasiyemjua hata jina. Tulikula jikoni, si sebuleni, kwa sababu ya joto. Kiburu kilipondwa kwenye chungu kile kile kilichopikiwa, ndizi na maharage, na maziwa ya mgando pembeni. Baba Mkubwa alikuwa anakula polepole mno, akisimama kuwaza katikati ya tonge, na mkewe hakuacha kumchokoza. "Baba Deo," alikuwa akisema, "hizo ndizi zimekwisha barikiwa, sasa zile." Naye alitabasamu tu akaendelea kuwaza. Nilikuwa na furaha katika nyumba ile, na nasema hivyo wazi kwa sababu watu wakinisikia nikiihadithia hudhani ilikuwa nyumba ya majonzi tangu mwanzo.

Majirani wakigombana, waliitana kwa Baba Mkubwa. Siku chache tu baada ya kufika kwangu, ng'ombe wa jirani mmoja alikata kamba akaingia kwenye migomba ya mwenzake, yakatukanwa matusi yaliyofika hadi kwa marehemu, na mwenye migomba akaapa kwamba watu wa nyumba ile hawatakanyaga msiba wake. Jioni waliitwa wote wawili, na mwenye ng'ombe akaja ameshika isale. Kwa asiyetoka huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na juu ya makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa kwa mtu unayemwomba msamaha, mtu huyo hawezi kukataa. Akikataa, litakalokuja baadaye litamwangukia yeye na uzao wake. Anayelileta hapigi kelele wala hajitetei. Analinyoosha mbele yake, na jani ndilo linaloomba. Nilichungulia mlangoni nikamwona mwenye migomba anavyolitazama lile jani, taya zinamcheza kwa hasira, hadi mwishowe akalipokea na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. "Unaona?" Deo aliniambia. "Huku hata ukitaka kukasirika vizuri hupewi nafasi." Baba yake alimsikia. "Cheka tu," alisema. "Jani hili lilizuia damu huku kabla hakujawa na mahakama." Hakuwa mtu wa kuhubiri, lakini jambo hilo aliliamini kama alivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa majambazi. Wanaume waliokuja kunywa mbege sebuleni hawakuzungumzia kitu kingine, na mimi upande wa pili wa mbao nilipitwa na machache sana. "Siku hizi hawavunji mlango," ilisema sauti moja. "Wanabisha hodi kistaarabu. Wanasema ni polisi, na wamevaa kama mimi na wewe. Ukifungua, umekwisha." Mwingine akauliza polisi wa kweli atajulikanaje. "Ana sare." "Na akija bila sare?" Mtu akasema, "Basi huyo atakuwa amejitakia," wakacheka wote, nami nikacheka huko huko kitandani. Wakakubaliana kwamba atakayewaona watu wa namna hiyo apige ukunga, ule ukelele wetu wa hatari, na kila mwanaume atakayeusikia atoke na panga bila kuuliza. Kila mmoja alieleza atakavyofanya siku yake ikifika. Kwa maelezo yao, hakuna jambazi ambaye angetoka Uru akiwa mzima.

Walikuja mchana, jua linawaka, siku moja baada ya Deo kushuka mlimani. Tulikuwa jikoni sote, pamoja na Mama Suzi, jirani aliyekuwa amekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka, kama kawaida yake. Gari hatukulisikia kwa sababu waliliacha barabarani wakapita migombani kwa miguu. Ghafla mlango ulijaa watu. Walikuwa wanaume wanne wenye makoti ya kawaida, mmoja mfupi ameshika bastola ameielekeza chini, na mmoja kijana mno, shati la mistari, ana bunduki ndefu. "Deo ni nani?" aliuliza yule mfupi. Bila hodi, bila salamu. Huku kwetu hata mwizi wa mbuzi husalimia kwanza.

Nimesikia watu wengi wakisema, mimi ningekimbia, mimi ningepiga kelele, mimi ningewadai kitambulisho. Anayesema hivyo hajawahi kuiona bunduki mlangoni mwake. Hakuna aliyepiga ukunga. Mama Suzi, mwenye umri wa kuwazaa wote wanne, alisimama akaanza kuwaamkia. "Shikamoo," alimwambia yule mfupi. "Shikamoo baba," akamwambia wa pili. Akafika kwa yule kijana wa bunduki, "Shikamoo," na kijana, kwa mazoea tu, akaitikia "Marahaba," kisha nikamwona anaona haya. Mama Mkubwa aliendelea kuponda kiburu, na bila kuinua uso akasema, "Karibuni, chakula kiko tayari." Deo aliinua mikono juu na mkono mmoja ulikuwa bado na tonge, hajui alitupe au alishike. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye karai. Niliokota sahani niliyokwisha kuiosha nikaanza kuiosha upya, nikainama, nikitumaini kwamba nisipowaona hawatakuwepo.

"Sisi ni polisi," alisema yule mfupi, na hapo ndipo hofu yenyewe ilipoingia, kwa kuwa hayo ndiyo maneno tuliyoambiwa majambazi huyasema. Wakamfunga Deo pingu. Baba Mkubwa aliongea kwa upole uleule wa siku zote. "Wanangu, kaeni kwanza, mmetoka mbali. Kijana wangu amekosa nini?" Yule mfupi akamjibu, "Atajua huko mbele." Sisi tulijua huko mbele ni wapi. Wiki mbili zilikuwa hazijapita tangu dereva mmoja achukuliwe na watu waliojiita polisi, akaokotwa msituni Rau. Baba Mkubwa aliona mwanawe anapelekwa kuuawa. Sikuona alivyoinuka, uso wangu ulikuwa kwenye karai. Nilisikia tu kigoda kinaburuzwa, na nilipotazama alikuwa ameshatoka mlango wa nyuma, anapita zizi la ng'ombe, anakwenda mpakani.

Mimi nilijua anakwenda kuchukua nini. Mama Suzi alijua. Mtoto yeyote wa Uru angejua. Wale wanne walimwona mzee anakimbilia kwenye kichaka na kuingiza mkono. "Huyo anakwenda wapi?" alisema mmoja, na yule kijana akatoka mbio akampigia kelele, "Simama! Toa mkono! Toa mkono!" Baba Mkubwa aliutoa. Aligeuka, kichwa kimeinama, hasemi neno, mkono umenyooka mbele yake kama inavyopasa. Bunduki ikalia. Ng'ombe walikurupuka, na yeye akakaa chini, kisha akalala ubavu kwenye majani. Yule kijana alimkaribia akalitoa mkononi lile jani refu la kijani, ambalo mzee hakuwa amewahi hata kulifunga fundo. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule, anatafuta kitu. "Afande," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule, "ni jani. Ni jani tu."

Niliamini kwamba ni polisi pale yule mfupi alipovua koti lake akalikandamiza kwenye jeraha. Jambazi hafanyi hivyo. Walimbeba mbio hadi barabarani, na Deo wakamwingiza nyuma na pingu zake, kichwa cha baba yake mapajani. Mama Mkubwa alipanda bila kilemba, mwiko bado uko mkononi. Majirani walikuja na mapanga waliposikia mlio, wakatukuta wawili tu, Mama Suzi na mimi, na chungu cha kiburu kinaungua. Baba Mkubwa alikata roho kabla hawajaifikia lami. Deo aliniambia baadaye kwamba aliomba afunguliwe mikono amfumbe baba yake macho, na yule mfupi alisimamisha gari akamfungua mwenyewe.

Walikuwa wanamtafuta mpagazi anayeitwa Deo aliyeiba mabegi ya wageni kwenye nyumba ya kulala mjini. Ukiita Deo kwenye kundi la wapagazi, vichwa vingapi havigeuki? Wetu aliachiwa kabla ya mazishi. Wakaja wakubwa wa polisi na gari safi, wakaketi sebuleni, na mimi kwenye chumba changu nikawasikia wakisema lile ni tukio la bahati mbaya. "Bahati ya nani?" aliuliza Mama Mkubwa. Walikunywa chai waliyopewa wakaondoka.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyoninyima usingizi kwa miaka. Tulikula jikoni bado, na hakuna aliyekalia kile kigoda. Deo hakurudi mlimani. Alikata majani ya ng'ombe, akachuma kahawa, akakaa kizingitini, na ile midomo iliyokuwa haiishi masihara ikafungika. Siku moja, tukiwa tunaanika kahawa, aliniambia, "Ningekimbia. Wangenifukuza mimi, mzee angebaki." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaendelea kutandaza buni. Mama yake alifanya kazi zake zote kama zamani, isipokuwa aliacha kumchokoza mtu yeyote, na nyumba isiyo na mtu wa kuchokozwa ni baridi hata jiko likiwaka.

Msimu wa kahawa ulipokuwa unakwisha, bibi mmoja wa Rau alituma ujumbe. Alikuwa amempangisha chumba kijana mmoja askari. Kijana yule hali vizuri wala halali, na kila Mchagga anayekutana naye anamwuliza jani lile ni la nini. Wengi walimkwepa. Bibi ndiye aliyemweleza, na tangu alipomweleza, kijana hana neno jingine ila kuomba apelekwe Uru. Mama Mkubwa alisikiliza ujumbe hadi mwisho, akasema, "Waje Jumapili baada ya ibada." Usiku nilimsikia Deo kupitia mbao. "Mama, analeta isale. Unajua maana yake." "Najua." "Ukilipokea, yamekwisha. Damu ya baba imekwisha. Ukilipokea mimi naondoka kwenye nyumba hii." Nilisubiri amkemee, au amsihi. Alisema tu, "Nimekusikia, mwanangu." Nililala nikijua kwamba akilikataa atakuwa amekataa kitu pekee ambacho mumewe alikiamini hadi kufa, na akilipokea atampoteza mtoto wa mwisho aliyebaki naye.

Jumapili ua ulijaa watu waliojifanya wamekuja kusalimia. Kijana alikuja na shati jeupe lililomzidi, amekonda, nyuma ya yule bibi wa Rau. Isale alilibeba kwa mikono miwili, limefungwa fundo vizuri. Bila shaka bibi ndiye aliyelifunga. Hakusema neno, alikuwa amefundishwa. Alipiga magoti mbele ya Mama Mkubwa aliyekuwa ameketi barazani anachagua maharage, akalinyoosha. Deo alikuwa amesimama kwenye zizi na panga lake la kukatia majani. Mama Mkubwa alitoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa. Akatoa jingine. Yule kijana hakuishusha mikono. Nilisikia ng'ombe akicheua. Mwishowe Mama Mkubwa alijifuta mikono kwenye kanga, akalipokea. "Nimelipokea," alisema. Akaniita jina langu, akaniambia nimletee mgeni mbege. Kijana alikunywa huku analia, machozi yanaingia kwenye kata, na akina mama wakaanza kusema aika, aika, kumshukuru Mama Mkubwa kwa niaba ya kila mtu. Deo alilitua panga chini, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko wa safari za mlimani begani. Alimwinamia mama yake, akamshika mkono, akaondoka kupitia migombani. Mama Mkubwa alimtazama hadi migomba ilipomfunika, kisha akarudia maharage yake.

Nilimchukia yule kijana siku ile, siwezi kupamba. Sikuiosha ile kata, niliitupa shimoni. Niliona mila imemshika mwanamke kooni ikamlazimisha kusema asichokitaka, na gharama yake ni mwanawe. Deo alikaa huko alikokwenda miaka mingi kabla ya kurudi kumtembelea, na hata alipokuja, hakulala. Uru nzima ilimsifu Mama Mkubwa, ilimtaja kanisani, ilimwita kuamua magomvi kama ilivyomwita mumewe. Kila waliponieleza uzuri wa moyo wake, mimi niliwaza kwamba hakupewa nafasi ya kuwa na moyo mwingine.

Mwaka jana alipougua ugonjwa huu uliomchukua, nilikuja kumwuguza wiki chache. Alikuwa amekuwa mwepesi, namgeuza kwa mkono mmoja, lakini akili ilikuwa yote. Siku moja namlisha mtori, nikaona mimi na yeye tumebaki na muda mfupi, nikamwuliza. "Mama Mkubwa, yule kijana ulimsamehe kweli, au ni kwa sababu ya isale?"

"Yule?" Alishangaa, kama nimemwuliza habari za mtu asiyemkumbuka vizuri. "Yule nilimsamehe siku ile ile. Aliposema ni jani tu, nilimwona uso. Alikuwa mtoto, ameogopa kuliko sisi. Sikuhitaji aniletee kitu."

Nikamwuliza kwa nini basi alimweka magotini muda wote ule, watu wanamtazama, Deo ameshika panga. Alifumba macho. Nilidhani amelala, nikaanza kukusanya vyombo.

"Baba Deo ndiye sijamsamehe," alisema. "Nilikuwa namtafuta humo kwenye lile jani, nimpokee na yeye. Sikumwona." Akavuta pumzi. "Wewe ulikuwa umeinamia karai lako. Alipoinuka nilimshika koti. Nilimnong'oneza, kaa, Baba Deo, hawa si watu wa huku, wasikilize wanavyoongea, hawajui isale. Akautoa mkono wangu taratibu, unajua alivyokuwa. Naye akaninong'oneza, 'Mama Deo, nani asiyejua kuombwa?' Akaenda."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto na mkavu.

"Tangu siku ile namjibu," alisema. "Nikikamua ng'ombe namjibu, nikiwasha moto namjibu. Wapo, Baba Deo. Wapo."